"ONGEZA SAUTI": OMBI MOJA, VITUFE VINNE
Maelezo ya meza ya kuchanganyia sauti na istilahi zake katika Kiswahili cha Uvira

Utangulizi

Mjini Uvira, kati ya milima ya Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika, ni nadra kuuona mkutano mkubwa usiokuwa na vyombo vya kukuza sauti. Kwaya huvitumia ibadani, wenye arusi huvikodi, na wahamasishaji wa afya huvitegemea wanapowaeleza watu jinsi ya kujikinga na kipindupindu, maradhi ambayo wenyeji huyaita kolera na ambayo hurejea mara kwa mara katika miji ya mwambao huo. Pembeni mwa mkutano hukaa fundi mmoja mbele ya meza yenye vitufe vingi, na ombi analoletewa mara nyingi kuliko mengine yote ni la maneno mawili: "Ongeza sauti."

Ombi hilo laonekana kuwa rahisi, lakini mezani halina jibu moja. Kuna vitufe visivyopungua vinne ambavyo kila kimoja kinaweza kudaiwa kwamba "kinaongeza sauti", na fundi akikosea kukichagua, maneno ya msemaji huzama, bafle hulia mbinja, au chombo huungua. Makala haya yana madhumuni mawili: kwanza, kueleza matundu na vitufe vya meza ya kuchanganyia sauti kwa utaratibu unaoweza kufuatwa na msomaji asiye fundi, pili, kuonyesha kwamba sehemu ya matatizo ya mafundi ni matatizo ya lugha, na kwamba Kiswahili cha mwambao wa kaskazini wa ziwa kina mchango wake katika kuyatatua.

Utata wa maneno mawili

Neno la kwanza lenye utata ni "sauti" lenyewe. Kwa Mswahili, sauti ni kile anachokitoa mtu kinywani. Ni kila kinachosikika. Ni nguvu ya kinachosikika, kama katika "punguza sauti ya redio". Na kwa wanakwaya ni fungu la waimbaji, yaani sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Aidha, "sauti ya juu" huweza kuwa sauti yenye nguvu au sauti nyembamba, na mambo hayo mawili hayana uhusiano wa lazima: ngoma kubwa ina nguvu nyingi na sauti nene, ilhali mbu ana sauti nyembamba isiyo na nguvu.

Neno la pili ni "kipaza sauti". Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili sanifu, neno hili hutumika kwa chombo anachosemea mtu, na pia kwa chombo kinachotoa sauti kwa hadhira. Utata huu una chanzo chake katika maumbile ya vyombo vyenyewe. Katika aina iliyoenea zaidi, vyote viwili vina utando, koili ya waya na sumaku. Katika cha kwanza, sauti ya msemaji huutikisa utando, koili ikasogea karibu na sumaku, na umeme mdogo ukazaliwa. Katika cha pili, umeme huisogeza koili, utando ukatikisika, na hewa ikapeleka sauti masikioni. Ni kazi moja inayotendwa kwa kinyume. Hata hivyo, mezani kimoja huunganishwa upande wa kuingizia na kingine upande wa kutolea, na anayezichanganya pande hizo anahatarisha mali.

Kiswahili cha Uvira hakina utata huo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihusu Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwamo. Ndiyo maana fundi wa Kigoma huazima maneno ya Kiingereza na kusema "maiki" na "spika", ilhali fundi wa Uvira, sawa na mwenziwe wa Bujumbura, huazima ya Kifaransa na kusema "mikro" na "bafle". Maneno hayo aghalabu hudharauliwa kwa kuwa ni ya mkopo, lakini yanatofautisha kile ambacho istilahi sanifu imekiacha pamoja. Kwa sababu hiyo, katika makala haya "mikro" ni chombo cha kusemea na "bafle" ni chombo cha kutolea sauti.

Matundu ya kuingizia

Hapana budi kukumbuka kwamba sauti yenyewe haiingii mezani. Kinachoingia ni umeme unaoiga mitikisiko ya sauti, na umeme huo una viwango vitatu ambavyo havipaswi kuchanganywa. Kiwango cha mikro ni elfu chache za volti moja. Kiwango cha vyombo kama kinanda cha umeme, simu au kicheza muziki ni kati ya theluthi moja ya volti na zaidi kidogo ya volti moja. Kiwango cha umeme unaotoka katika kikuza sauti kwenda kwenye bafle chaweza kufika makumi ya volti. Kwa hiyo, waya utokao katika kikuza sauti ukichomekwa kwenye tundu la mikro, tundu lililotengenezwa kwa elfu za volti hupokea umeme uliozidi mara maelfu.

Tundu la mikro hutambulikana kwa pini tatu. Pini ya kwanza ni ya ardhi. Ya pili na ya tatu hubeba umeme uleule, lakini mmoja ukiwa umegeuzwa kinyume cha mwingine. Waya mrefu unapopita karibu na nyaya za taa au jenereta, hunasa mngurumo, na mngurumo huo huziingia nyaya zote mbili kwa namna moja. Meza huchukua tofauti kati ya nyaya hizo: kilicho sawa hujifuta, na sauti ya msemaji, iliyo kinyume katika nyaya mbili, hubaki. Ndiyo sababu waya wa pini tatu waweza kuvutwa mita nyingi bila kuleta mngurumo mezani.

Tundu la duara lenye upana wa milimita 6.35 hupokea aghalabu vyombo vya kiwango cha pili. Gitaa la umeme nalo lina plagi ya namna hiyo, lakini umeme wake ni dhaifu na huharibika upesi katika waya mrefu. Kwa hiyo huhitaji kwanza kupitia kisanduku maalumu kinachoubadilisha ili uweze kuingia katika tundu la mikro. Matundu madogo ya rangi nyekundu na nyeupe ni ya vicheza muziki, nyekundu ikiwa ya upande wa kulia.

Karibu na matundu hayo huwapo kitufe chenye alama ya volti 48. Hicho hupeleka umeme kwenye mikro zile ambazo haziwezi kufanya kazi bila umeme wa nje. Mikro ya koili haiuhitaji, wala haidhuriki nao ikiwa waya wake ni mzima. Hata hivyo, kitufe hicho kiguswe tu wakati vitelezi vyote vimeshushwa, kwa maana hutoa kishindo kiwezacho kuumiza bafle na masikio.

Vitufe vya chaneli

Kila tundu lina safu yake ya vitufe, nayo huitwa chaneli. Safu hiyo husomwa kutoka juu kwenda chini, kama sentensi isomwavyo kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kitufe hujibu swali moja tu.

Kitufe cha kwanza, cha kuzungusha, ni cha ukuzaji. Kinajibu swali: umeme huu ulioingia ukuzwe mara ngapi ili ufikie kiwango cha kazi cha meza? Ikiwa mikro inatoa elfu mbili za volti na meza inahitaji volti 1.2, umeme huo hapana budi ukuzwe mara 600, sawa na desibeli 56 hivi. Desibeli ni kipimo cha uwiano: kila desibeli 6 huzidisha volti mara mbili, na kila desibeli 20 huzidisha mara kumi. Ukuzaji ukiwa mdogo mno, mvumo wa meza yenyewe husikika pamoja na msemaji. Ukiwa mkubwa mno, kilele cha kila wimbi hukatwa na sauti hukwaruza. Taa nyekundu ya chaneli huonya jambo hilo. Utaratibu mwema ni kumwomba msemaji aseme kwa nguvu atakayoitumia mkutanoni, kupandisha ukuzaji mpaka taa hiyo ianze kumeta, kisha kuurudisha nyuma kidogo. Kuhesabu "moja, mbili" kwa upole hakutoshi, kwa kuwa mhubiri hahubiri hivyo.

Chini yake huja vitufe vya kurekebisha wembamba na unene. Katika meza nyingi ndogo huwa vitatu: cha sauti nyembamba, karibu na hezi 12,000, cha sauti za kati, karibu na hezi 2,500, na cha sauti nene, karibu na hezi 80. Hapa lugha yataka uangalifu. Kuviita "juu", "kati" na "chini" huwafanya wanagenzi wadhani kwamba kitufe cha juu huongeza nguvu. Maneno "nyembamba" na "nene", ambayo waimbaji wa Kiswahili wameyazoea, yanaeleza jambo lenyewe bila utata.

Kisha vinafuata vitufe vya njia za pembeni. Kila kimoja hupeleka sehemu ya chaneli kwenye njia nyingine, mbali na ile iendayo kwa hadhira: mathalani kwenye bafle ndogo inayowaelekea waimbaji ili wajisikie, au kwenye chombo cha mwangwi. Njia ya waimbaji huchukua umeme kabla ya kitelezi, ili fundi akibadilisha kinachosikika kwa hadhira, waimbaji wasitatizike. Njia ya mwangwi huchukua umeme baada ya kitelezi, ili sauti ikishushwa, mwangwi wake nao ushuke.

Baada ya kitufe cha kugawa sauti kati ya bafle ya kushoto na ya kulia, safu huishia kwenye kitelezi, yaani kile kinachosukumwa mbele na nyuma kwa kidole. Chenyewe hujibu swali: chaneli hii ichangie kiasi gani katika mchanganyiko? Alama ya sifuri huwa karibu na robo tatu ya njia yake, na maana yake ni kwamba umeme hupita pale bila kuongezwa wala kupunguzwa. Mwanagenzi huidhani sifuri kuwa ni ukimya, ilhali ukimya uko chini kabisa. Chaneli zote zikishachanganywa, hupitia kitelezi kikuu, kisha huenda kwenye kikuza sauti na bafle.

Majibu ya ombi moja

Baada ya maelezo hayo, ombi "ongeza sauti" laweza kuchambuliwa. Likitoka kwa watu walioketi nyuma, wasiosikia chochote vizuri, jibu ni kitelezi kikuu. Likitoka kwa kiongozi wa kwaya aonaye kwamba sauti ya pili imemezwa na ya kwanza, jibu ni kitelezi cha chaneli ya sauti ya pili. Likitoka kwa mwimbaji asiyejisikia mwenyewe jukwaani, jibu ni njia ya pembeni. Kitelezi hakitamsaidia hata kidogo, na ataendelea kulalamika huku hadhira ikizibwa masikio. Ikiwa taa za chaneli haziwaki hata kitelezi kikiwa kwenye sifuri, jibu ni ukuzaji.

Kuna jibu la tano ambalo halipo mezani kabisa. Msemaji akipunguza kwa nusu umbali kati ya kinywa chake na mikro, umeme unaozaliwa huongezeka kwa desibeli 6 hivi, bila kitufe chochote kuguswa.

Jibu hilo la tano lina thamani kubwa kwa sababu ya mlio wa mbinja ambao mafundi waliosoma kwa Kifaransa huuita "larsen", kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Sauti itokayo katika bafle huirudia mikro, hukuzwa tena, hutoka tena, na kila mzunguko huongeza nguvu. Vitufe vyote vinne vilivyotajwa, vikiongezwa, vyaweza kuukaribisha mlio huo. Kumsogeza msemaji hakuukaribishi. Vilevile, kila mara idadi ya mikro zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, nafasi iliyobaki kabla ya mbinja hupungua kwa desibeli 3 hivi. Kwaya ikimaliza kuimba, mikro zake na zifungwe kabla mhubiri hajaanza.

Silabi moja yenye uzito

Wanaisimu wana sababu ya pekee ya kujishughulisha na vitufe vya wembamba na unene. Nguvu ya konsonanti /s/ iko hasa juu ya hezi 4,000, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya vokali iko chini ya hezi 3,000. Mafundi wengi hupenda kuongeza sauti nene kwa kuwa huupa muziki uzito. Msemaji anapochukua mikro ya waimbaji katika hali hiyo, mvumo mnene huzifunika konsonanti nyembamba, na "saa" huweza kusikika kama "faa".

Katika Kiswahili, hasara hiyo haiishii kwenye msamiati. Ukanushi wa dhamira tegemezi hubebwa na silabi moja fupi, -si-, ambayo mara nyingi haina mkazo. Mhamasishaji wa afya akitangaza "Msitumie maji ya ziwa bila kuyachemsha", au kwa matamshi ya Uvira "Musitumie", tofauti kati ya katazo na ruhusa imo katika silabi hiyo. Ikififia, msikilizaji aliye mbali hubaki na "mtumie maji ya ziwa", naye huenda asisikie kilichofuata.

Sauti za kati nazo zina kazi yake. Vokali /i/ na /u/ hufanana katika eneo la chini, karibu na hezi 300. Hutofautiana hasa katika kilele cha pili, ambacho kwa /i/ huwa juu ya hezi 2,000 na kwa /u/ huwa chini ya 1,000. Fundi akilipunguza mno eneo la kati ili aepuke mbinja, huwa anafuta sehemu ya tofauti kati ya "imefungwa" na "umefungwa", yaani upatanisho wa ngeli wenyewe.

Kwa hotuba na matangazo, basi, kanuni ni hii: sauti nene zipunguzwe, kitufe cha kukata mvumo ulio chini ya hezi 80 au 100 kibonyezwe iwapo kipo, za kati ziachwe kama zilivyo, na nyembamba ziongezwe kwa kiasi kidogo tu panapohitajika. Sauti ya mwanamume asemaye huanzia karibu na hezi 100. Chini ya hapo hakuna neno linalopotea.

Kuwasha na kuzima

Jambo la mwisho la kiufundi linahusu umeme wa mji. Uvira hupata umeme wa maporomoko ya mto Ruzizi, na umeme unapokatika jenereta huchukua nafasi yake. Kanuni ni kwamba meza huwashwa kwanza na kikuza sauti mwisho. Wakati wa kuzima, kikuza sauti hutangulia. Umeme ukikatika ghafla, fundi na azime kikuza sauti mara moja, kabla haujarudi, kwa maana kishindo cha kurudi kwake kikipita kwenye kikuza sauti kilicho wazi huweza kuikata koili ya bafle.

Hitimisho

Imeonekana kwamba meza ya kuchanganyia sauti ni njia moja yenye vituo, na kwamba kila kituo kina swali lake. Imeonekana pia kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuieleza njia hiyo, mradi kila neno lifungwe kwenye kituo kimoja: ukuzaji kwa kitufe cha kwanza, wembamba na unene kwa vya kurekebisha, njia ya pembeni kwa waimbaji, kitelezi kwa mchango wa chaneli, na kitelezi kikuu kwa hadhira. Neno "sauti" peke yake lisitumiwe kuwa jina la kitufe chochote.

Kuhusu "kipaza sauti", inapendekezwa kwamba watunga istilahi wasione haya kujifunza kwa mafundi. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa za Kongo, na mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Istilahi za pande mbili za ziwa zitazidi kukutana. Zikikutana, isichukuliwe kuwa upande wa magharibi una makosa ya kusahihishwa tu. "Mikro" na "bafle" ni ushahidi kwamba una tofauti za maana ambazo upande mwingine unazihitaji. Wanafunzi wa isimu wana kazi hapo ya kukusanya maneno ya mafundi kabla ya kuwatungia mengine.

Fundi naye, anapoletewa lile ombi la maneno mawili, asikimbilie kitelezi. Na aulize kwanza: sauti ya nani, na isikiwe na nani?